Wilhelm Kuhnert, Mchora Simba: Maisha Yake na Matumizi ya Picha Zake Darasani

Mwalimu anayefundisha sanaa mjini Morogoro hana haja ya kwenda mbali kutafuta mandhari. Afungue dirisha tu; Milima ya Uluguru imesimama mbele yake, kilele cha Lupanga kikiwa na urefu wa zaidi ya mita 2,100, na kila saa ya mchana hubadili rangi kwa namna ambayo ingemtosha mchoraji kwa maisha yake yote. Pamoja na hayo, mwalimu huyo akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi wachoraji wa zamani walivyoichora nchi hii, hukuta kwamba picha karibu zote za mandhari na wanyama wa sehemu zetu zilizobakia tangu karne ya kumi na tisa zilichorwa na wageni. Walikuja, wakachora, wakaondoka nazo. Thomas Baines, Mwingereza, alifuatana na Livingstone katika mto Zambezi mwaka 1858 na kuichora nchi ile ya kusini. Hapa kwetu mtu aliyejulikana kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Mjerumani, Wilhelm Kuhnert. Nakusudia kueleza maisha yake kwa walimu wenzangu, na sababu ya kumchagua yeye itaonekana mbele kidogo.

Kuhnert alizaliwa mwezi wa Septemba, 1865, katika mji wa Oppeln, ambao wakati huo ulikuwa katika ufalme wa Prussia na ambao siku hizi umo katika Poland. Alipofika umri wa miaka 17 alitiwa katika mafunzo ya kazi za ufundi na biashara, lakini hakufanikiwa humo. Walimu tunawafahamu vijana wa namna hiyo: daftari la hesabu limejaa vichwa vya farasi. Mwaka 1883 alipata msaada wa masomo, akaingia katika chuo cha sanaa cha kifalme mjini Berlin, akakaa huko hadi mwaka 1887. Mmoja wa waliomfundisha alikuwa Paul Meyerheim, mchoraji mashuhuri wa wanyama.

Hapa yafaa tuangalie jinsi wachoraji wa wanyama wa Ulaya walivyokuwa wakifanya kazi kabla yake. Mtu aliyetaka kumchora simba alikwenda katika bustani ya wanyama, akaketi mbele ya tundu la chuma, akamchora simba aliyenenepa kwa kukosa mwendo, mwenye manyoya marefu ya shingoni kwa kuwa hakuna miiba ya kuyang'oa. Kisha alirudi nyumbani na kumwekea simba huyo mitende na miamba ya nyuma kutoka kichwani mwake. Kuhnert naye alianza hivyo hivyo. Baada ya mwaka 1890 alikuwa miongoni mwa waliochora picha za kitabu kikubwa cha elimu ya wanyama kilichoanzishwa na Alfred Brehm, kitabu kilichokuwa karibu katika kila nyumba ya Mjerumani aliyejiona amesoma. Walakini hakuridhika na wanyama wa matundu. Alitaka kumwona simba mahali ambapo simba ni mwenyeji.

Mwaka 1891 alipanda meli kuja Afrika ya Mashariki, nchi ambayo serikali ya Ujerumani ilikuwa imeitwaa siku chache tu zilizopita. Safari hiyo iliendelea mpaka mwaka 1892. Alirudi mara ya pili mwaka 1905 na 1906, na mara ya tatu mwaka 1911 na 1912. Kwa jumla ndizo safari zilizomfanya Kuhnert awe Kuhnert. Miaka mingine ya maisha yake alikuwa Berlin akigeuza yale aliyoyakusanya kuwa picha kubwa za mafuta.

Namna yake ya kukusanya ndiyo sehemu inayomfaa mwalimu wa sanaa, nami nitakaa hapo kidogo. Kuhnert hakuja na turubai kubwa porini. Alikuja na madaftari, penseli, rangi za mafuta na vipande vidogo vya kuchorea. Alichora haraka: mgongo wa tembo, namna nyati anavyoinua pua, nyasi zinavyolala upepo ukipita, kivuli cha mgunga saa sita mchana. Katika picha moja ndogo aliweka jambo moja tu. Wanafunzi wetu mara nyingi hutaka kuweka kila kitu katika karatasi moja, mlima, mto, nyumba, ng'ombe na jua lenye miale, kisha hushangaa kwamba hakuna kinachoonekana vizuri. Mazoezi ya Kuhnert ni dawa ya tabia hiyo. Mpe mwanafunzi karatasi ya robo, mwambie achore sikio la mbuzi peke yake, kwa dakika kumi, akimtazama mbuzi mwenyewe.

Jambo la pili ni rangi. Mtu akiona picha za simba za Kuhnert kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi mnyama anavyokaribia kupotea katika majani. Simba wake ana rangi ya nyasi za kiangazi, pundamilia wake hupokea mwanga wa samawi kutoka mbinguni na mwanga wa njano kutoka ardhini. Hilo halipatikani katika tundu. Lilitokana na kukaa juani na kuangalia. Kule Ulaya baadhi ya watu walizoea Afrika ya vitabuni iliyojaa kijani kibichi kila mahali. Kuhnert akawaonyesha kijivu, kahawia na vumbi, na kwa hakika yeyote aliyepita Mikumi mwezi wa Septemba atakubali kwamba alikuwa mkweli katika hilo.

Jambo la tatu si zuri kulisema mbele ya watoto, lakini halifai kufichwa. Kuhnert alikuwa mwindaji. Wanyama wengi aliowachora kwa ukamilifu, hata unyoya na mshipa, aliwachora kwa sababu walikuwa wamekufa mbele yake, naye ndiye aliyewapiga risasi. Alimwua mnyama, akakaa kando yake akipima na kuchora kabla hajaharibika. Kwa watu wa wakati wake hapakuwa na mgongano kati ya kumpenda mnyama na kumwua. Mwanafunzi wa siku hizi ataona mgongano huo mara moja, na mwalimu asimzuie kuuliza.

Aidha, kuna watu wasioonekana katika madaftari hayo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905 na ilifika Morogoro mwaka 1907. Kwa hiyo katika safari zake mbili za kwanza, msafiri wa bara alitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Sanduku la rangi, hema, bunduki, risasi, chakula, na mikunjo ya picha zilizokwisha kuchorwa, vyote vilibebwa na watu. Walikuwapo pia wafuatiliaji wa nyayo, waliojua simba amelala wapi. Simba aliyetundikwa ukutani Berlin alipatikana kwa elimu ya watu hao, ila chini ya picha pana jina la mtu mmoja.

Sasa nifike kwenye sababu iliyonifanya niandike. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha somo la utunzi wa picha kwa wanachuo wa mwaka wa pili. Nilichukua nakala za picha tatu za Kuhnert. Mbili zilikuwa za wanyama. Ya tatu ni picha aliyoichora mwaka 1908, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa Vita vya Mahenge. Nilizibandika ubaoni, nikataja jina la mchoraji na miaka, nikaanza kueleza habari za mwanga, mstari na kina. Niliandaa somo kwa uangalifu. Andalio langu lilikuwa na malengo, hatua na maswali ya tathmini. Mwanachuo mmoja, mtu wa Ulanga, hakuandika kitu. Aliitazama ile ya tatu muda mrefu, kisha akauliza mchoraji alikuwa amesimama upande gani siku ile. Nilimjibu kwamba wachoraji mara nyingi hubuni, na kwamba picha ilichorwa miaka mitatu baada ya tukio. Jibu hilo lilikuwa la kukimbia swali, na darasa zima lilitambua. Nilirudi nyumbani nimeona haya, nikaanza kusoma ambayo ningalipaswa kuyasoma kabla ya kubandika picha.

Habari zenyewe ni hizi. Mwishoni mwa Julai 1905 vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi, na kazi za kulazimishwa, na mashamba ya pamba ambayo utawala wa Gavana von Götzen uliwataka wayalime kwa faida isiyowafikia. Dawa ya maji iliyotolewa na Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe iliwaunganisha watu wa makabila mengi. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuenea. Katika mwezi huo huo viliingia katika bonde la Kilombero na nyanda za Mahenge, nchi ya Wapogoro na Wambunga, ambayo leo ni sehemu ya Mkoa wetu wa Morogoro.

Tarehe 30 Agosti, 1905, maelfu ya wapiganaji walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Boma lilikuwa chini ya afisa aliyeitwa von Hassel, akiwa na askari wapatao 60 na baadhi ya wenyeji waliokuwa upande wake, na, jambo lililoamua mambo, bunduki za rashasha ambazo wazee waliziita bombomu. Wapiganaji hawakufaulu kushambulia kwa wakati mmoja. Kundi la kwanza lilipigwa risasi likiwa bado mbali. Kundi la pili likaja kutoka upande wa mashariki, na baadhi ya watu wake walifika hatua chache tu kutoka mstari wa bunduki kabla hawajaanguka. Boma liliendelea kuzingirwa hadi jeshi jingine lilipokuja kutoka Iringa mwezi Septemba.

Wilhelm Kuhnert alikuwamo. Alikuja kuchora wanyama, vita vikamkuta huko Mahenge, naye akachukua bunduki yake na kupigana pamoja na Wajerumani wenzake. Hilo ndilo jibu la swali la yule mwanachuo: mchoraji alikuwa amesimama upande wa bombomu.

Baada ya vita kupungua aliendelea na shughuli zake, akarudi Ujerumani mwaka 1906, na miaka miwili baadaye akaitoa ile picha. Ni moja katika picha chache sana alizozichora za jambo la kihistoria. Vita vyenyewe viliendelea mpaka mwaka 1907. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya nafaka, njaa ikafuata, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wametofautiana katika hesabu. Makadirio ya Kijerumani yalitaja watu 75,000, na mwanahistoria Gilbert Gwassa alitaja idadi kati ya 250,000 na 300,000. Sehemu kubwa za kusini zilibaki mahame. Mashamba yakawa vichaka, mbung'o wakaingia, na wanyama wa porini wakarejea mahali palipokuwa na miji ya watu. Baadaye nchi ya namna hiyo ilitiwa katika Pori la Akiba la Selous, na tangu mwaka 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Nikiwa nimeyajua hayo, sikuweza tena kuzitazama picha zake za wanyama kama nilivyozitazama mwanzoni. Katika nyingi ya hizo hakuna mtu. Hakuna njia ya miguu, hakuna moshi wa jiko, hakuna shamba la mtama lililolindwa dhidi ya nguruwe. Nchi imelala tupu, ya kupendeza, kana kwamba inamngoja wa kuichukua. Kuhnert aliona sawasawa rangi ya nyasi. Ila aliamua wapi pa kuukatia mpaka wa picha yake, na watu wakabaki nje ya mpaka huo. Nadhani hakuna somo la utunzi lililo muhimu kuliko hili, na nilikuwa nimelipita bila kuliona, huku andalio langu likiwa kamili.

Picha hizo hazikubaki katika nyumba za matajiri tu. Mwaka 1903 kampuni ya chokoleti ya Stollwerck ya mjini Cologne ilitumia picha za Kuhnert katika kadi ndogo za rangi. Mtoto aliyenunua chokoleti alipata kadi, na kadi hizo zilibandikwa katika albamu zilizochapishwa kwa ajili hiyo. Ndugu mwalimu anayelalamika kwamba hana zana za kufundishia atafakari nguvu ya chombo hicho: kadi isiyozidi kiganja, yenye simba mmoja na nyasi, ilifika mikononi mwa watoto wengi wa Ujerumani na kuwafundisha Afrika ni nini, kabla hawajaingia katika darasa lo lote la jiografia.

Kadhalika alikuwa hodari katika uchapaji wa picha za shaba, naye alitengeneza zaidi ya mia moja. Mwalimu wa sanaa za mikono aweza kueleza ufundi huo hata kama hana vifaa. Sahani ya shaba hupakwa nta. Mchoraji hukwaruza nta kwa sindano mpaka shaba ionekane. Sahani hutiwa katika asidi, nayo hula pale palipokwaruzwa. Kisha nta huondolewa, wino husuguliwa katika mifereji ile midogo, na karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa juu yake kwa nguvu. Shuleni hatuna asidi wala hatuitaki karibu na watoto. Soli ya ndala kuukuu iliyochongwa kwa wembe na mwalimu mwenyewe, ikapakwa rangi, itatoa chapa nzuri, ijapokuwa kanuni yake ni kinyume: kwenye soli huchapa kilichoinuka, kwenye shaba huchapa kilichochimbika. Tofauti hiyo peke yake yatosha kipindi kimoja.

Kuhnert alifanikiwa sana kwa mali na sifa. Nyumbani kwao walimpa jina la Kuhnert wa Simba. Ndoa yake ya kwanza, ambayo alipata binti mmoja, ilivunjika, akaoa tena mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita vikuu vilianza. Tarehe 26 Agosti, 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Morogoro, na mwaka 1918 utawala wa Wajerumani katika nchi hii ulikwisha kabisa. Mwaka huo huo Kuhnert alichapisha kitabu cha safari zake, Im Lande meiner Modelle, maana yake Katika Nchi ya Wale Niliowachora. Nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuwatoka mikononi Wajerumani; hata hivyo aliendelea kuichora kutoka katika madaftari yake mpaka mwisho. Alifariki tarehe 11 Februari, 1926, huko Flims katika Uswisi, akiwa na umri wa miaka 60. Kati ya Oktoba 2018 na Januari 2019 picha zake zilionyeshwa katika jumba la sanaa la Schirn mjini Frankfurt, na safari hii waandaaji waliuliza waziwazi habari za ukoloni uliomwezesha kuzichora.

Siwashauri walimu wazitupe picha hizi. Mwanafunzi ana haki ya kuona jinsi mkono hodari unavyofanya kazi. Nami sasa huzitumia kwa njia nyingine. Nabandika simba wa Kuhnert upande mmoja, na upande wa pili nabandika chui wa Edward Saidi Tingatinga. Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, katika kusini ile ile iliyopitiwa na Maji Maji, na tangu mwaka 1968 alichora mjini Dar es Salaam juu ya mbao laini za kiwandani kwa rangi za baiskeli, hadi alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mtu mwingine. Chui wake hana kivuli wala misuli iliyopimwa. Anamtazama mtu usoni. Wanafunzi huanza kwa kusema kwamba wa Kuhnert ndiye chui au simba wa kweli, na baada ya nusu saa hawana hakika tena neno kweli lina maana gani. Hapo ndipo naitoa ile picha ya Mahenge, na kabla ya kusema neno juu ya mwanga au mstari naeleza mchoraji alisimama wapi.

Yule mwanachuo wa Ulanga alimaliza masomo yake, na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Katika zoezi la mwisho niliwataka wanachuo wachore mandhari ya nyumbani kwao kwa kufuata njia ya Kuhnert, yaani kuchora vipande vidogo vidogo kwanza wakati wa likizo, kisha picha moja kubwa. Alileta madaftari mawili yaliyojaa. Picha yake kubwa ilionyesha mteremko wa Mahenge asubuhi, ukungu ukipanda kutoka bondeni, rangi ya nyasi ikiwa imepatikana barabara. Katikati ya picha, mahali ambapo Mjerumani angemweka simba, palikuwa na kijia chembamba cha miguu kinachopanda kilima, na nyasi za pande zake mbili zimelazwa kama zilazwavyo na watu wengi waliopita muda si mrefu.